Namba ya Kumposea Natacha

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimeteuliwa! Jumamosi ni gusaba: tunakwenda Gitega kumposa Natacha kwa ajili ya mpwa wangu Conrad, na msemaji wetu ni mimi, si binamu Mugenzi. Mugenzi amenuna, hata chai hakumaliza. Lakini nina hofu. Wasemaji wa upande wa binti wana maneno makali, nami nikibanwa ulimi hukauka. Conrad kanisihi nisimharibie kwa wakwe. Nimemwambia asiwe na shaka. Shaka ninayo mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepata silaha! Namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Nitawaambia penzi la Conrad ni namba hiyo. Akitokea wa kuigawa, tutarudi bila binti. Nimechagua kubwa: 1,000,001. Mke wangu Kellen anasema tunakwenda kuomba, si kutoa mtihani, na nisithubutu kutamka neno "tasa" penye posa. Hajui hesabu, masikini.

Alhamisi, 14 Agosti

Ofisini sikufanya lolote. Nimeigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tatu. Imekataa. Kupata hakika lazima nifike karibu na elfu. Nimefika tisini na saba, saa ya chakula ikafika. Inatosha! Iliyokataa zote chini ya mia itakubali nini tena? Mugenzi kasikia habari ya namba yangu, kapiga simu kuuliza kama niko tayari. Alikuwa na furaha mno. Sipendi.

Jumamosi, 16 Agosti

Balaa! Msemaji wao, mzee Théoneste, ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Mugenzi alijua! Mimi nilishatamka namba na sharti langu mbele ya watu wote. Mzee alifumba macho kidogo tu.

"Bwana, milioni iko mia mara mia mara mia. Ukiongeza moja juu, mia na moja inaingia tu. Gawa."

Conrad aligawa kwa simu. 9,901, bila baki. Ndani ya nyumba nilimsikia Natacha akilia. Mzee akasema sharti ni letu wenyewe, basi turudi kwetu Batsinda. Niliona aibu, nikaogopa kweli. Mugenzi akapiga magoti, akaomba kwa upole mpaka wazee wakacheka. Binti tumepewa, ila siku ya harusi nisishike maikrofoni.

Jumapili, 17 Agosti

Conrad hapokei simu. Kellen anasema niombe radhi, niachane na namba. Nimetafakari sana, na kosa nimeliona: namba ilikuwa ndogo. Mia mara mia mara mia, mzee kaizoea. Sasa nimechukua elfu mara elfu mara elfu, nikaongeza moja. 1,000,000,001! Nimejaribu mbili, tatu na tano, zote zimekataa. Saba nimeiacha, nilikuwa nimechoka.

Harusi ni mwezi ujao. Maikrofoni sitaigusa. Nina sauti ya kutosha.