Taulo la Kumwagilia Nyonga

Jumatatu, 3 Machi
Wodini. Kesho napasuliwa. Daktari kanieleza kuwa kikombe kipya cha nyonga huwekwa kwa namna mbili: kugandishwa kwa saruji ya mifupa, au kukazwa kikavu, mfupa ukue wenyewe ukishike. Nikamwambia atie saruji, asinichezee! Marehemu mume wangu alikuwa mwashi. Zege nimelibeba kabla huyu daktari hajazaliwa. Akacheka. Eti ataamua akishauona mfupa.

Wifi kaja kunitazama. Naye ana kikombe cha nyonga, chake mwaka jana kilikazwa kikavu, na anavyoringa! Kasema mimi nitasiribwa kama ukuta wa choo. Kahamia kwangu, eti kunisaidia, na funguo za kabati langu kazivaa shingoni. Hazirudishi mpaka nitembee mwenyewe. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Nimepasuliwa. Sijafa. Daktari kapita kunieleza alichofanya. Nilikuwa na usingizi, nikaitikia tu. Saruji, hakuna jingine.

Jumatano, 5 Machi
Binti wa mazoezi kaja asubuhi, eti nisimame. Nisimame! Nikamwuliza ni nani anayekanyaga sakafu iliyomwagwa jana. Mume wangu alifukuza vibarua kwa hilo. Saruji humwagiliwa siku saba ndipo ikanyagwe. Kaondoka anatikisa kichwa. Watoto wa siku hizi!

Nimelowesha taulo, nikalilaza juu ya bendeji. Nyonga itakuwa jiwe. Wifi atajuta.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekamatwa. Muuguzi kaona shuka linachuruzika, akadhani nimejikojolea. Nikaona bora niseme ukweli, nikamwonyesha taulo. Akapiga kelele wodi nzima ikageuka: bibi wewe, unataka kidonda kioze? Daktari akaitwa. Bendeji ikabadilishwa, kidonda kizima. Kanieleza polepole kama mtoto: saruji yao hukauka kabla hajavua glovu. Na mimi hakunitia hata chembe. Kaukuta mfupa wangu mgumu, kakaza kikavu.

Kama cha wifi! Heri ningekufa.

Lakini kasema mgumu. Kwa umri huu! Zege hilo, si mchezo. Nikasimama palepale. Hatua sita mpaka dirishani, nimeshika fremu ya kutembelea, binti wa mazoezi ananipigia makofi. Mtoto mzuri yule.

Jumatatu, 10 Machi
Nyumbani. Nimeingia kwa miguu yangu, fremu mbele, kisha nikanyoosha kiganja. Wifi kavua funguo, kanikabidhi. Tamu! Baadaye kauliza kama saruji imeshika. Nikamjibu imeshika kama nguzo ya daraja. Mengine hayamhusu.

Sukari alikuwa kaificha kwenye vyombo. Nimeirudisha mahali pake, nikafunga.

Sasa niko kitandani, funguo chini ya mto, raha tupu. Nimepata nafasi ya kufikiri. Daktari kasema mfupa bado unakua ukishike kikombe. Na kitu kinachokua kinataka nini? Daktari hodari yule, ila hajawahi kulima.

Nimemwita wifi alete beseni na taulo.