Landrova ya Elimringi Yapata Meno

Jumatatu, 6 Machi 1978

Mashine ya kusaga imefika! Imefika nusu. Lori limeishusha darajani, kilomita tano chini ya kijiji, dereva akageuza. Alisema mlima huu hata akilipwa mara mbili hapandi.

Mkutano jioni. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza: mwenye gari atakayeifikisha mashine juu atapewa kazi ya kubeba mizigo yote ya kijiji mwaka mzima. Mbolea, saruji, kahawa. Tukasimama watu wawili kwa wakati mmoja. Mimi na binamu yangu Ndelilio. Yeye ana trekta. Bahati nzuri pampu yake iko mjini kwa fundi hadi wiki ijayo. Mimi nina Landrova, niliyonunua kwa pesa za kahawa mwaka jana. Kuukuu, lakini ndefu! Nimeivisha matairi makubwa ya lori. Hakuna Landrova yenye kimo kile Old Moshi nzima.

Mke wangu Elinipendo hakupiga makofi. Kila wiki hubeba debe la mahindi kichwani hadi mjini kusaga. Alisema shingo yake haitaki hotuba, inataka mashine.

Nimejaribu kupanda kabla ya giza. Gari tupu. Ikazima kona ya pili, ikarudi kinyumenyume hadi kihambani kwa Ndelilio, kwenye shamba lake la migomba. Migomba mitatu chini. Ndelilio alitoka akaihesabu kwa sauti.

Jumatano, 8 Machi

Kwa fundi Efraimu, mjini. Aliizunguka Landrova mara moja, akacheka matairi. Alieleza kuwa gurudumu kubwa linakula nguvu za injini. Akashauri nirudishe madogo. Nirudishe! Watu wanione nimeshuka?

Basi akataja dawa ya pili: kubadili meno ya difu, lile tufe la chuma katikati ya ekseli. Sasa hivi propela, mtaimbo unaoleta nguvu za injini, huzunguka mara nne na ushee ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa meno mengine itazunguka karibu mara sita. Mwendo unapungua, nguvu zinaongezeka. Nilielewa papo hapo. Alisema lazima zibadilishwe difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Hapo sikuona sababu. Ya nyuma ndiyo inayosukuma. Ya mbele inafuata tu.

Madukani hakuna. Nikaelekezwa Mabogini kwa mama Veronika, mjane wa fundi wa shamba la miwa. Ana seti mbili, mpya, ndani ya gunia la mpunga. Pesa hataki. Anasema pesa anazo, mabati ndiyo hayapatikani. Seti moja mabati kumi, mbili ishirini. Akaniasa kuwa hizi ni kama viatu, havinunuliwi kimoja. Mjanja wa biashara! Sikudanganyika. Nimemwambia aniwekee moja.

Ijumaa, 10 Machi

Paa la jiko letu lilikuwa na mabati kumi kamili. Ishara hiyo! Nimeyang'oa asubuhi Elinipendo akiwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, nikayapeleka Mabogini kabla hajarudi. Nilimweleza kuwa moshi sasa utapata njia, macho yake yatapona. Akauliza kuhusu mvua. Nikamwonyesha wingu, liko mbali kabisa.

Saa kumi wingu likafika. Tumekula maharage yenye maji mengi. Elinipendo alipika ameshika mwavuli.

Jumamosi, 11 Machi

Kazi kutwa! Efraimu aliitoa difu ya nyuma, akafunga meno mapya. Akachanganya grisi na bluu ya kufulia, akayapaka meno, akazungusha kwa mkono, akatazama yanavyoumana. Hayajakaa. Akafungua, akaongeza kipande cha bati chembamba kama karatasi, akafunga tena. Mara saba. Nilimwambia kuwa, kwa macho yangu, meno yako sawa tangu mara ya pili. Aliniomba nikanywe chai.

Akaniasa nisiingize kabisa gia ya mbele, ile inayoyapa nguvu magurudumu ya mbele, hadi difu ya mbele ipate meno yaleyale. Niliitikia kwa kichwa.

Kurudi nyumbani, ushindi! Spidomita, inayohesabu mizunguko ya propela, ilisoma maili hamsini kwa saa. Hamsini! Mzee mmoja mwenye baiskeli alitupita hata hivyo, na kwenye kilima. Sijui wazee wa huku wanakula nini.

Difu inalia kidogo.

Jumanne, 14 Machi

Inalia sana. Ndelilio amewaambia watu kuwa nimefuga fisi.

Lakini mimi ni mtu wa mbinu. Niliwahi kusikia kwa dalali wa magari kuwa ndizi mbivu hunyamazisha difu. Ndizi za kutafuta wapi? Tunaishi ndani ya migomba! Nikamenya sita, nikasukuma ndani kwa kijiti. Kimya! Landrova ikapita mbele ya kanisa taratibu kama bibi harusi.

Nilipaswa kuishia hapo. Lakini watu walikuwa wamekusanyika mbele ya shule, na Mwenyekiti alikuwepo, na pale barabara ni ngumu na tambarare. Nikaingiza gia ya mbele. Kuonyesha tu. Magurudumu ya nyuma yakataka mwendo wake, ya mbele wake. Gari ikaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Halafu paa! Propela ya mbele ikakatika, kipande kimoja kikavuka barabara peke yake.

Waliokuja kunisukuma hadi kwa Efraimu ni Ndelilio na wanaume wanane. Waliimba njia nzima. Wimbo ulikuwa na jina langu.

Alhamisi, 16 Machi

Efraimu amefungua difu ya nyuma kusafisha. Kikatoka kitu kizito, cha njano, chenye povu. Alikichota kwa kidole, akakinusa. Akasema amekuwa fundi miaka ishirini, ametoa mafuta, ametoa maji, hajawahi kutoa mtori wa ndizi.

Nilikaa juu ya tairi mpaka saa nane. Sina mabati. Sina jiko. Pampu ya trekta la Ndelilio inarudi kesho. Nilifikiri kuuza gari. Nilimfikiria pia Elinipendo na debe lake, akishuka na kupanda mlima ule mwaka mwingine. Hilo lilinichoma kuliko wimbo.

Saa tisa nikamwona anakuja barabarani, kalowa, na wanawake kumi na wawili nyuma yake. Kila mmoja na bati kichwani! Wamezunguka nyumba kwa nyumba. Wameng'oa mabati ya mabanda ya kuku, ya vyoo, moja la banda la mchungaji. Walikuwa wanatoka Old Moshi na wanaelekea Mabogini, kwa miguu. Nilisimama nikafungua mdomo.

“Baba Eliona,” akaniita Elinipendo kwa jina la mwanetu, “kaa hapohapo. Usije ukatusaidia.”

Walirudi jua linazama. Veronika kachukua mabati kumi na mawili, katoa seti ya pili na propela iliyotumika. Elinipendo mwenyewe alivikabidhi kwa Efraimu, na kumwambia kuwa mwenye gari asiguse chochote.

Kwa kweli mpango ni wangu. Nani aligundua kuwa mjane yule anapenda mabati?

Jumamosi, 18 Machi

Mvua siku mbili. Barabara ni uji. Kijiji chote darajani. Trekta la Ndelilio likaanza, mashine juu ya tela lake. Likaenda vizuri hadi kona ya pili. Hapo magurudumu makubwa yakazunguka pale pale, yakachimba, yakarusha tope hadi kwenye koti la Mwenyekiti. Mara nne alijaribu. Mara ya tano tela likaanza kuteleza kuelekea korongoni. Wanawake walipiga kelele. Ndelilio akaruka, tukalishika kwa mabega, mimi na yeye pamoja, mpaka mawe yakawekwa.

Tukaihamishia mashine kwenye Landrova. Wanaume ishirini. Springi zikalala.

Gia ya kwanza, ile ya chini kabisa. Mbele na nyuma, meno yaleyale. Nikaachia klachi. Haikuruka! Haikulia! Ikaanza kutambaa kama kinyonga, gurudumu moja, halafu lingine, likiuma tope na kulishika. Nikapita kona ya pili. Nikapita migomba mitatu iliyolala. Mwenyekiti alitembea kando ya dirisha langu njia nzima, tukazungumza bei ya kahawa. Ndelilio alitembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu. Hakuna aliyemwomba.

Kilomita tano, kwa muda wa saa tatu na nusu. Tulipotokeza juu vigelegele vilifika hadi kanisani. Macho yangu yalitoa maji. Niliwaambia ni moshi wa petroli. Elinipendo alipanda kwenye bampa, akaingiza kichwa dirishani, akasema, “Leo umefanya kazi, Baba Eliona.” Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kuambiwa hivyo mbele za watu.

Jumatatu, 20 Machi

Kazi ya kijiji ni yangu, mwaka mzima! Mkataba una mhuri. Mashine inanguruma tangu alfajiri, foleni imefika barabarani. Elinipendo amesaga wa kwanza, wanawake wamempisha. Ndelilio alikuja na kibuyu cha pombe ya mbege, tukanywa, akakiri kuwa Landrova ile ni mnyama.

Efraimu ameniagiza mambo matatu: nisikimbize gari, nibadilishe mafuta ya difu kila mwezi, na nisiongeze chochote bila kumuuliza. Nimekubali yote. Mtu mzima hujifunza.

Halafu Ndelilio, akiwa kwenye kibuyu cha pili, akanidokeza. Kule bwawa la Nyumba ya Mungu kuna mvuvi anauza injini ya boti. Kubwa. Haina karatasi, haina ufunguo, lakini inasemekana ina nguvu ya farasi arobaini. Nimepima kwa kamba: ikikaa nyuma ya kiti cha dereva, na shimo dogo sakafuni, Landrova itakuwa na injini mbili. Mbili! Nani atanishika?

Mvuvi anataka ng'ombe mmoja tu. Wetu yuko bandani, anakula majani, hana habari. Elinipendo atakaa mashineni hadi saa kumi.

Kamba ya ng'ombe iko wapi?