Kadi na Vifo Vitano vya Kukhu

Jumatatu, 4 Agosti
Siku njema kabisa! Shangazi aliyemlea mpenzi wangu Triza amekubali nifike kwake mtaa wa Fedha Jumamosi ya tarehe 16 nijitambulishe rasmi. Sharti moja tu: nisije peke yangu kama mchuuzi wa mitumba. Kijana asiye na watu, amesema, hapewi binti wa watu.

Watu ninao! Chama chetu cha watu wa magharibi hapa Kware kazi yake ndiyo hiyo: kuzikana, kuozana, kusindikizana ukweni. Nimeimba bafuni hadi jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 5 Agosti
Nimekumbuka kadi. Lo! Ile takataka!

Mwaka jana Mideva, katibu wetu, alileta mashine kutoka ofisi moja iliyofungwa, pamoja na kadi za kutosha kila mwanachama. Zinaingia kwenye pochi, na zina utepe unaong'aa kama sidii. Mwali wa leza unachoma vitobo visivyoonekana kwa macho, na ndani yake inakaa picha yako na kila shughuli uliyohudhuria au kukosa, pamoja na udhuru uliotoa. Kuongeza unaweza. Kufuta, Mideva husema kwa raha zake zote, hakuna.

Jumapili kadi yangu itasomwa mbele ya wote kabla hawajaamua kunisindikiza. Kanuni ya chama: asiyesindikiza hasindikizwi. Na mimi sijamsindikiza mtu. Nilikuwa na shughuli! Mpira. Mvua. Usingizi. Lakini huwezi kumwambia Mzee Simiyu, mwenyekiti, kwamba ulikuwa umelala. Kwa hiyo kila mara nilisema nimefiwa na nyanya. Kukhu wangu wa Malava nimeshamzika mara nne, na yuko mzima, anapalilia mahindi.

Jumatano, 6 Agosti
Akili ni mali! Aliyekulia Eastlands anajua kwamba sidii iliyochubuka husafishwa kwa dawa ya meno. Basi ukisugua polepole inasafika, ukisugua kwa nguvu inafutika. Hiyo ni sayansi. Nimesugua hadi tyubu ikaisha, mkono ukafa ganzi.

Nikampelekea Mideva, nikajifanya nataka tu kujua kama kadi bado inasoma. Amefurahi sana. Amesema ilikuwa imejaa mafuta ya chapati, mashine ikawa inakwama mahali fulani. Sasa imesoma yote, hata kifo kimoja cha Kukhu ambacho kilikuwa kimefichika.

Kwa hiyo ni vitano.

Alhamisi, 7 Agosti
Job, jirani yangu wa mlango wa pili, anavaa kadi yake shingoni hata akienda chooni. Hajakosa shughuli hata moja! Leo amenisimamisha kwenye ngazi, niaje Luseno, umejipanga kweli? Eti yeye tarehe 23 anasindikizwa kwa kina Nekesa, mchumba wake, na hana wasiwasi wowote. Mdomo wake ule.

Lakini kumtazama kumenipa wazo. Habari zote zimo ndani ya kadi yenyewe, hazipo kwingine. Mideva alisema hivyo kwa kinywa chake. Kadi ikipotea, Kukhu amefufuka! Nimeitupa kwenye jaa nyuma ya ploti, nikarudi nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Agosti
Magan, mwenye duka pale chini, ni mtu mwema. Wema wake utaniua.

Mtaa huu mtu akiokota kitambulisho anakipeleka dukani, kinaning'inizwa kwenye wavu wa dirisha hadi mwenyewe akione. Nimenunua mkate hapo miaka yote na sikukumbuka! Kadi yangu ilikuwa inaning'inia katikati ya biskuti, inamulika hadi ng'ambo ya barabara. Wapangaji wa ploti nzima wamenipongeza kwamba imeonekana. Nilipofika, Habibo, mke wa Magan, akaniambia nisihangaike, Mideva amepita asubuhi akaichukua aniwekee salama hadi Jumapili. Ala!

Nimempigia Kukhu simu. Si kwa hila, naogopa tu. Nimemwambia kuna mkutano wa chama, na kwamba huenda nikamkosa Triza. Nampenda yule msichana, nampenda mpaka chakula hakishuki. Kukhu ameuliza ni lini na wapi, kisha akasema ataomba.

Jumapili, 10 Agosti
Tulikutana katika darasa la nasari. Mideva akaingiza kadi. Sura yangu ikatokea kwenye kompyuta, kisha yakafuata: hakuhudhuria, amefiwa na nyanya, hakuhudhuria, amefiwa na nyanya. Mzee Simiyu akavua miwani. Akauliza mtu mmoja anapata wapi nyanya wote hao. Nikajibu ukoo wetu ni mkubwa. Job akacheka hadi akapaliwa.

Mlango ukafunguliwa. Kukhu! Na kuku kwapani!

Akasalimia, akajitambulisha kuwa ndiye nyanya wa Luseno, wa pekee, maana yule mwingine alifariki mimi sijazaliwa. Si angenyamaza tu! Mideva, hana hata haya, akamsomea tarehe zake zote za kufa.

Kukhu alisikiliza hadi mwisho. Kwanza akanichapa fimbo ya mgongo, nikaona nyota. Kisha akawageukia. Akauliza ni nani kati yao alikuja kumzika. Hata mara moja? Hata kutuma kilo ya sukari? Mzee Simiyu akaanza kutazama viatu vyake. Basi, akasema Kukhu, chama kimekosa mazishi yake matano, na kadi ya chama chenyewe ndiyo shahidi. Wamsindikize yeye Fedha mara moja tu, awasamehe yote.

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee Simiyu alifuta machozi, akatamka kwamba chama kitamsindikiza Kukhu, na mimi nikitaka nifuate nyuma. Kuku amepewa Mideva. Sawa tu!

Jumamosi, 16 Agosti
Nimekubaliwa! Nimekubaliwa!

Tulijaa sebule hadi kibarazani. Kukhu na shangazi yake Triza walishikana mikono wakakataa kuachana. Shangazi akanipakulia firigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaniita mwanangu. Job alibeba kreti mbili za soda ngazi zote, akanikumbatia. Triza alikuwa amevaa kijani. Nimelia, nikasingizia pilipili.

Alhamisi, 21 Agosti
Keshokutwa ni zamu ya kumsindikiza Job. Safari ni ya alfajiri, kwa kina Nekesa ni mbali, na siku hiyohiyo kuna mechi kubwa. Kukhu hafai tena, sasa wanamjua. Lakini nina ukoo mpya mzima mzima! Asubuhi nimemtumia Mideva ujumbe: siwezi kuja, shangazi yake Triza ametutoka ghafla.

Na bahati haiji peke yake. Jioni hii Mzee Simiyu amenipigia simu. Mideva amepata kazi Nakuru, na chama kimemwomba Triza aishike mashine, kwa kuwa anajua kompyuta. Ujumbe wangu ameshapewa, atauchoma kwenye kadi yeye mwenyewe.

Mchumba wangu mwenyewe! Sasa nani atanisumbua? Nimezima simu, imekuwa ikilia tangu saa moja, nami nataka kulala mapema.