Taa Saba za Mama Salma

Leo sina uso, jamani. Uso wangu nimeuacha ndani ya kabati la makoti, na sijui nitaurudia lini.

Nieleze taratibu, maana nikiharakisha nitalia. Nyote mwajua mgongo wangu. Miaka sita napakua maboksi kwenye stoo ya duka kule mall, hapa Bloomington, Marekani, na mgongo ulishaacha kazi zamani, mie ndiye niliyebaki. Vidonge nimemeza mpaka tumbo limechoka. Sasa mwenzangu mmoja wa shift, Mmarekani mwenye ndevu mpaka kifuani, akanambia dawa yangu ni bangi, na wala nisiende kuitafuta barabarani. "Panda mwenyewe, mti mmoja miwili, ndani ya kabati. Zile taa kubwa za wakulima huna haja nazo. Balbu za LED za nyumbani zatosha." Nikamwambia mie ni baba wa watu, mambo hayo siyawezi. (Wiki iliyofuata nilikuwa na mbegu nne mfukoni. Msinihukumu, hamjalala na mgongo huu.)

Kabati lenyewe ni lile la ukutani, hapo koridoni, hatua tatu kutoka sebuleni. Nikamwambia mke wangu, Mama Salma, kwamba mlango umeng'oka bawaba, ukiguswa utamwangukia mtu, tumsubiri fundi wa jengo. Akaniamini! Makoti yetu yakahamia kwenye viti vya jikoni.

Kazi ikawa balbu. Nikinunua mpya nitaulizwa za nini. Basi nikaanza kuzing'oa za nyumbani, moja moja. Ya korido kwanza. Tatu za sebuleni. Ya jikoni. Ya chumbani kwetu. Ya saba ilikuwa ya meza ya Salma, binti yangu, anayesomea unesi. Nikamwambia imeungua. Salma akahamia bafuni na vitabu vyake, akawa anasoma ameketi kwenye ukingo wa beseni, maana taa ya bafuni imejengewa ukutani, haing'oki. (Nilijaribu.)

Mama Salma akashangaa. "Baba Salma, hizi taa zafa vipi kila wiki? Si kwenye boksi waliandika zadumu miaka?"

"Uongo wa biashara huo," nikamjibu, bila kupepesa.

Na harufu je? Harufu nikaizima kwa udi. Mie, ambaye Mombasa sikuwahi hata kukigusa chetezo, nikawa nafukiza nyumba asubuhi na jioni. Mama Salma alifurahi hadi akampigia simu dada yake: mume wangu sasa ni mtu wa udi. Msikitini watu wakinikumbatia wanasema mashallah, wanukia vizuri. Na mie naitikia, mdomo umejaa haya lakini naitikia.

Miezi minne nikateseka hivyo. Kati ya mbegu nne, tatu zilikufa. Ukabaki mti mmoja, mrefu, mwembamba, majani ya kuhesabika. Kila nikitoka kazini naupitia, nautilia maji, nauuliza hali. Huo ndio uliokuwa mzigo wangu wa siri.

Basi leo ilikuwa siku ya posa ya Salma. Kijana aliyemtaka twamtaka sote: ana adabu, ana kazi, na akikutana nami parking hunibebea mifuko. Salma hakulala jana kwa furaha. Mie nikaapa moyoni, hili likipita salama, mti nautupa kesho.

Wakaja wawili kutoka Maple Grove, theluji imewafika magotini. Bi Rehema, mama wa kijana, na kaka mkubwa wa huyo mama, Mzee Faki, ndevu nyeupe, tasbihi mkononi, mtu wa maneno machache. Kijana mwenyewe hakuja, ndivyo desturi. Salma yuko chumbani kwake, mlango ameuegesha, anasikiliza kila neno.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na mwaijua Januari ya hapa, jua lilishakwenda zake. Sebuleni imebaki taa moja ya pembeni. Watu wanakula kwa kupapasa. Bi Rehema akachovya hamri kwenye bakuli la pilipili akidhani ni mbaazi, akakohoa mpaka mtandio ukamwanguka.

"Tuwie radhi kwa giza," Mama Salma akamwambia. "Taa za nchi hii hazina uhai."

Pamoja na hayo, mambo yakanyooka. Mzee Faki akaeleza nia yao kwa maneno mazuri. Mie nikajibu kwa maneno mazuri zaidi (nilikuwa nimeyafanyia mazoezi garini wiki nzima). Tukakubaliana. Imebaki Fatiha tu, mikono tushainua nusu!

Ndipo Mama Salma akakumbuka ustaarabu.

Kwetu mgeni wa heshima haondoki mpaka nguo zake zifukizwe udi. Kule ni kanzu na buibui, huku ni makoti ya baridi, haidhuru. Mama Salma akayatazama yale makoti mawili juu ya kiti, akasikitika kwa sauti. "Ningependa muondoke mwanukia. Tena kabati la hapo korido lingefaa sana, tungeyatundika, tukaweka chetezo chini, tukafunga, moshi ukatulia humo. Lakini mlango ni mbovu miezi minne sasa, na mume wangu hajapata fundi."

Mzee Faki akaishusha mikono yake ya Fatiha. "Mbovu vipi?"

"Bawaba."

"Mie ni seremala. Miaka thelathini nimechonga milango." Akainuka.

Nikamshika mkono. "Mzee, haifai! Wewe ni mgeni!"

"Mgeni gani, na sisi twaoana?"

"Utaumia, Mzee! Utakuangukia!"

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mlango hauniangukii mie."

Nikasimama mbele yake. Mgongo, laana ya mgongo, ukanikamata hapo hapo, nikabaki nimeinama nusu, siendi mbele sirudi nyuma. Akanipita. Akaugusa mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka laini, bila hata kulia.

Yarabi, ile nuru! Taa saba kwa mpigo! Sebule nzima ikawaka, likaonekana hata vumbi la chini ya kochi. Karatasi ya fedha ya jikoni imezunguka kuta zote mpaka nyufa za mlango, feni ndogo yazunguka, na katikati, ndani ya ndoo ya samli, mti wangu unatikisa majani. Kisha harufu ikatoka, na leo nilikuwa nimefukiza mara moja tu.

Bi Rehema akajiziba pua kwa mtandio. Mie nikangoja mke wangu apige ukelele wa bangi. Wapi!

"Taa zangu!" Mama Salma akalia. "Taa zangu zote! Baba Salma, mie napika gizani miezi minne, kumbe taa zangu zamuotesha huyu?"

Mzee Faki akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akainama. Akalishika jani moja kwa vidole viwili, akachungulia kwenye shina, chini, juu. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Taa hizi ni dhaifu," akasema. "Halafu huu ni mti dume. Ungengoja mwaka, usingekufaa kitu."

Bi Rehema akamgeukia pole pole. "Kaka. Wewe umejuaje?"

Mzee Faki akaivua miwani, akaifuta, akairudisha mfukoni. "Twende zetu," akasema.

Fatiha haikusomwa. Bi Rehema akalinusa koti lake kabla ya kulivaa, akasema, "Alhamdulillahi, hayakuwahi kuingia humo." Mlangoni akaongeza, "Tutapigiana simu." Kwa jinsi alivyolisema, nimeiweka simu mbali ili isinisumbue kwa kutolia.

Nikageuka, Salma amesimama koridoni. Gauni jipya, macho yamejaa. Alikuwa akizitazama taa, akizihesabu.

"Salma, mwanangu, ni mgongo," nikaanza. "Sikutaka..."

Huyu mtoto tangu ana miaka minane namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Nimeomba, nimegomba, nimechoka. Leo akavuta mkono wa gauni lake ukafunika vidole, akanyoosha mkono ndani ya kabati, akaifungua balbu moja tu, ile yenye alama ya rangi ya kucha aliyoitia mwenyewe isichanganywe na nyingine.

"Hii ni yangu," akasema. Kwa Kiswahili safi.

Akaingia chumbani, akafunga. Baada ya kitambo nikaona mwanga chini ya mlango. Nimegonga mara tatu, hajajibu kwa lugha yoyote.

Mti nimeung'oa. Mama Salma amezikusanya zile sita, akarudisha ya jikoni, ya chumbani na ya korido. Tatu za sebuleni amezifungia kabatini mwake, na ile moja iliyokuwa imebaki pia kaichukua, akanambia nilivyozoea kuwaweka watu gizani basi nikae nami nionje. Ndipo nilipo, kwenye kochi, na mgongo bado waniuma.

Anayetaka kucheka acheke. Lakini anayetaka kuja kunipa pole, tafadhali aje na taa yake.