Betri ya Mzee Abdulswamad

Jumatatu, 3 Juni

Fremu ya duka ya chini iko wazi! Muuza saa amehamia Mbagala. Mlango mpana, unatazama Mtaa wa Msimbazi, watu wanapita kama siafu. Mzee Abdulswamad, mwenye jengo, amesema atampa fundi redio mmoja kati yetu wawili: mimi au Uwesu. Miaka sita tumekaa meza jirani kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, na kwa miaka sita Uwesu hajawahi kupandisha sauti. Mtu wa namna hiyo simwamini.

Mchana Mzee akaniletea empithrii yake, ile ndogo ya bluu anayosikilizia kasida. Betri imevimba. Akasema anataka betri tu. Akarudia, kidole juu: "Betri tu, Bene. Usiongeze kitu." Bado ana kinyongo cha kengele ya mlango wake. Niliiwekea sauti ya jogoo bila kuambiwa, ikawa inawika kila umeme ukirudi.

Huu ni mtihani. Atakayempa betri tu atapata asante. Atakayempa maajabu atapata fremu.

Jumanne, 4 Juni

Uwesu kachungulia mezani kwangu. Kasema anayo betri ya saizi hiyo kwenye droo, nichukue. Nikakataa. Ujanja wake naujua!

Nimeweka betri ya simu, kubwa mara nne. Haikuingia. Nikakata mfuniko wa nyuma kwa msumeno. Sasa empithrii inaonekana kama imebeba mtoto mgongoni. Nimeizungushia selotepu nyeusi. Inapendeza, ukiitazama kwa mbali.

Halafu wazo likanijia. Masikio ya Mzee yamechoka. Kwa nini asisikilize kasida kwenye redio ya ofisini kwake? Nikashuka kwa Zamda, anayeuza vitu vya magari, nikanunua kile kidude kinachorusha muziki wa simu kwenye redio ya gari. Kinaingia humo humo ndani ya empithrii.

Kuna sababu ya pili. Redio zote za jengo hili asubuhi ziko stesheni moja, ya kipindi cha michezo. Ya Uwesu haijahama hapo tangu ainunue. Nikirusha juu ya stesheni hiyo hiyo... Sijasema kitu.

Jumatano, 5 Juni

Nimeungua kidole na suruali. Suruali imeumia zaidi.

Majaribio mazuri. Kwa waya wa antena wa shubiri moja, sauti inafika kwenye ngazi. Kwa waya wa mkono mzima, inafika hadi mgahawa wa Mama Kijakazi kule chini. Nafasi ya waya ilikosekana, nikaondoa swichi ya kuzimia. Nani anazima kasida?

Tangazo nimelirekodi chooni, ndiko kwenye utulivu: "Redio imekufa? Fundi Bene anafufua! Wengine wanabahatisha!" Nikaliingiza baada ya kasida ya kwanza. Yanayofuata sikuyasikiliza. Kasida ni kasida.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ajabu.

Saa mbili na nusu nikamkabidhi Mzee. Akauliza mbona nzito. Nikasema ni nguvu hiyo. Akauliza kama nimebadilisha betri tu. Nikamwambia kwa kiasi kikubwa, betri. Akaitia mfukoni, akateremka kwa Mama Kijakazi kunywa chai.

Saa tatu mchambuzi wa michezo akakatika katikati ya neno. Kasida! Korido nzima! Kisha sauti yangu, ikitoka ndani ya redio ya Uwesu! Uwesu akaigonga redio yake kwa kidole. Nusura nilie kwa furaha.

Halafu redioni akaingia mwanamke.

"Baba Fikirini, saa ya dawa hii. Ile nyeupe."

Bi Nasreen, mke wa Mzee! Yuko Tanga mwezi wa tatu sasa, anamuuguza binti yao. Kumbe kabla ya kuondoka alimrekodia mumewe maagizo. Mengi.

Nikakimbilia mgahawani. Mzee amesimama, anaminya empithrii kila upande, jasho linamtoka. Redio ya Mama Kijakazi haikuwa na huruma: "Najua uko kwa Kijakazi. Weka sambusa chini." Watu wote wakamtazama mkono. Sambusa ilikuwemo. Akaiweka chini.

"Na ile bukta ya kijani yenye tundu nimeitupa. Usiitafute."

Wapagazi wakalala juu ya mikokoteni yao kwa kucheka. Kuzima haiwezekani, na betri yangu ina uwezo wa siku mbili. Uwesu akashuka taratibu, akaomba ruhusa, akakata waya mmoja. Kimya.

Ijumaa, 7 Juni

Hakuna anayemuuzia Mzee sambusa. Wapagazi wanampigia kelele toka barabarani: "Mzee, dawa!"

Kaniita ofisini. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema dawa anaikumbuka mwenyewe, hahitaji kukumbushwa na mtu. Rekodi zile huzisikiliza kwa sababu nyumba ni kubwa na hakuna anayeongea humo. Akauliza kama zimepona.

Nikamgeukia Uwesu, aliyeitwa pia. Uwesu ndiye aliyesema zimepona, amezihifadhi zote. Na betri ameshaweka, ile ya kwenye droo.

Nimeona haya kweli. Hadi saa nane mchana.

Jumamosi, 8 Juni

Bi Nasreen kaja na basi la asubuhi! Zamda ndiye aliyempigia simu. Nilijificha nyuma ya maboksi, akanitoa. Akauliza kama mimi ndiye fundi. Nikakubali. Akacheka hadi akaketi. Akasema miezi mitatu mumewe anamwambia sambusa ameacha, sasa ana mashahidi mtaa mzima. Mzee alikuwa anatazama dari, lakini mkono wa mkewe hakuuachia.

Fremu kapewa Uwesu.

Nilishaanza kufungasha vifaa Uwesu aliponifuata. Kasema fremu ni pana, nichukue upande wa kushoto. Kwa sharti: nisiongeze kitu kwenye kitu. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema bila mimi kazi itamchosha kwa ukimya. Nimekubali, ili nisimvunje moyo.

Jumatatu, 10 Juni

Fremu inapendeza. Upande wa kushoto hasa.

Uwesu ameenda kuswali adhuhuri. Kaniachia kazi moja, kifaa cha sikioni kinachomsaidia kusikia Bi Ummy, bibi wa jengo la pili. Kinapiga mluzi. Uwesu kasema nikifute vumbi, basi.

Nimekifungua. Nyuma kuna nafasi, ndogo lakini ipo. Redio inaenea. Bibi wa watu asikilize majirani siku nzima, wakati angeweza kusikiliza mpira?

Nina dakika ishirini.