Utepe Mwekundu Uliopanda Wenyewe

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Ulimi wangu utaniua. Leo nimemwambia Shangazi kwamba Manati naiendesha mimi.

Si shangazi yangu. Ni shangazi wa mchumba wangu, ndiye aliyemlea, na bila neno lake hakuna ndoa. Na Manati ni ile rolakosta mpya, treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, hapa kwenye bustani ya michezo ninapofanya kazi. Rolakosta nyingine hukuvuta juu polepole kwa mnyororo, mtu akapata nafasi ya kutubu. Manati haina huruma hiyo. Sumaku zinaishika treni pale chini, kimya, kisha zinaifyatua! Inapanda mlima wa chuma uliosimama wima, inapinduka kule juu, inashuka upande wa pili. Inafunguliwa Jumamosi, mbele ya mgeni rasmi na waandishi wa habari.

Anayeiendesha ni mwenzangu tunayemwita Twiga. Mrefu, shati limepigwa pasi, anakaa kibandani nyuma ya kioo kama rubani. Mimi nashika fimbo. Fimbo ya kupimia watu urefu pale mlangoni, yenye utepe mwekundu. Aliye chini ya utepe hapandi. Tena nina kitufe changu pale jukwaani, maana treni haiondoki mpaka Twiga abonyeze chake na mimi nibonyeze changu kwa pamoja. Kadude kadogo kama cha kengele ya mlango. Ningemwambiaje Shangazi kwamba naoa kwa kadude?

Shangazi kasema vizuri, Jumamosi atakuja kujionea. Akinikuta kibandani, tutapanga siku. Asiponikuta, nisikanyage kwake tena. Mkwe mwongo wanaye tayari, hawana haja ya wa pili.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Siku ya majaribio. Abiria ni wanasesere wa plastiki wanaojazwa maji wapate uzito wa mtu. Mama Fundi, mkuu wa mafundi wote, aliagiza wajazwe wachache tu, anataka kuona treni ikiwa nyepesi inafanyaje.

Aliyeonyeshwa ni mimi. Twiga kabonyeza, nami nikabonyeza. Treni ikatoka, nikahisi jukwaa linatetemeka mpaka kwenye meno. Ikapanda. Ikaanza kuchoka. Ikafika karibu na kilele, ikasimama. Ikasimama pale, wanasesere wametazama mbinguni. Kisha ikaanza kurudi kinyumenyume, kwa kasi, kuja kwetu!

Nilipiga ukelele. Nikajikuta nyuma ya pipa la taka, sijui nilifikaje.

Mama Fundi hakuweka hata kikombe chake cha chai chini. Breki zikajiinua zenyewe, treni ikatulia taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Akanieleza, nikiwa bado nimechuchumaa, kwamba hilo ni jambo la kawaida. Treni ikiwa nyepesi na upepo ukiwa wa mbele, inaweza kushindwa kuvuka kilele. Inarudi, inadakwa, inafyatuliwa tena. Imeundwa hivyo. Hakuna anayeumia.

Kawaida! Kwa nani?

Twiga alicheka mpaka akashika ukuta. Kufikia mchana kila mtu ameshapata habari za pipa. Hata muuza puto kanisalimia kwa kuchuchumaa.

Basi niandike na hili, maana hapa hasomi mtu. Naogopa vitu vya juu. Naogopa sana. Nyumbani balbu ikiungua, mchumba wangu ndiye anayepanda kwenye kiti. Mimi namshikia kiti, nimefumba macho.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimepata! Akili ni mali!

Shida si mimi kutokuwa kibandani. Shida ni Twiga kuwemo. Nikanyooka hadi kwa Mkurugenzi. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba watu wanaiogopa Manati. Je, ingekuwaje mwendeshaji mwenyewe akapanda safari ya kwanza, umma uone kwamba anaiamini mashine yake? Twiga apande. Kibanda kibaki kitupu. Na anayekijua kibanda, ukimtoa Twiga, ni nani? Sikulisema hilo. Nilinyamaza tu kwa unyenyekevu.

Mkurugenzi akapiga meza kwa furaha. Akasema hilo ndilo wazo bora alilolisikia mwaka huu. Tena akaliboresha. Wafanyakazi wote wa Manati watapanda. Kibandani atakaa Mama Fundi. Na kwa kuwa wazo ni langu, mimi nitakaa siti ya mbele kabisa, bega kwa bega na mgeni rasmi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimetoka ofisini nikiwa nimeshika ukuta, kama Twiga jana, ila mimi sikuwa nacheka.

Jioni mchumba wangu kapokea habari kwa shangwe. Na yeye atapanda. Kasema hajawahi kunionea fahari namna hii. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimekwenda kwa daktari kutafuta ugonjwa. Nikamtajia moyo, mgongo, kizunguzungu, na jambo fulani la sikio. Kanipima kote. Kasema niko mzima, na kwamba yeye mwenyewe ameomba ruhusa Jumamosi ili aje kupanda Manati. Kaniuliza kama ninaweza kumwekea siti.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimekaa jukwaani peke yangu wakati wa mapumziko, fimbo magotini. Juu yangu mlima wa chuma. Ukiutazama unahisi unakuinamia.

Kisha nikaitazama fimbo.

Mimi si mrefu. Hilo nalijua tangu shule, nilikuwa mstari wa mbele katika kila picha. Utepe wenyewe uko pale usawa wa kifua changu, umewekwa kwa ajili ya watoto. Lakini utepe ni utepe. Unabanduka. Nikaubandua. Nikausogeza juu, juu tena, nikajisimamisha kando ya fimbo, nikaubandika vidole viwili kupita utosi wangu. Nikausugua vizuri kwa kidole gumba.

Sasa kesho itakuwaje? Kesho nitajipima wa kwanza, hadharani. Nitakutwa mfupi. Nitasikitika mbele ya kamera. Sheria ni sheria! Twiga atapanda, mimi nitabaki, nitajisogeza kibandani karibu na Mama Fundi, Shangazi ataniona nyuma ya kioo. Na hakuna atakayedhurika, maana utepe umepanda, haukushuka.

Leo nimekula sahani mbili.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mungu wangu.

Niandike taratibu. Watu walijaa mpaka kwenye maegesho. Shangazi alikaa safu ya mbele ya wageni, mkoba magotini, macho hayapepesi. Mkurugenzi akahutubia. Akasema katika bustani hii usalama hauna cheo. Sheria ya urefu haimjui mkubwa wala mdogo, hata yeye atapimwa, na asiyefika hapandi. Makofi!

Nikajitokeza. Nikajipima. Nikauonyesha umati vile vidole viwili vilivyopungua, nikashika kifua kwa uchungu. Watu wakanionea huruma. Hadi hapo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani.

Kisha akaja mgeni rasmi.

Sasa, mgeni rasmi nilikuwa nimemwona kwenye televisheni tu, na kwenye televisheni huwa amekaa. Alishuka kwenye gari, akatembea, akaja akasimama mbele yangu. Nikamtazama machoni bila kuinua shingo. Hapo ndipo jasho la kwanza liliponitoka. Nikamsimamishia fimbo. Utepe ukapita juu ya kofia yake.

 Kamera zikalia ka-ka-ka. Mkurugenzi akanitazama kwa jicho la kuniambia fanya jambo. Jambo gani? Ndiyo kwanza katoka kusema asiyefika hapandi! Nikatamka kwamba sheria ni sheria, Mheshimiwa. Kisha akapimwa Mkurugenzi mwenyewe. Hakufika. Mhasibu, hakufika. Daktari wangu, hakufika, na alinitazama kama mtu anayejutia kunikuta mzima. Wote waliofuata wakapungua unywele mmoja, nywele mbili. Lo! Kumbe watu wafupi tuko wengi hivi!

Kisha Shangazi akainuka. Akasema ikiwa vijana wanashindwa, atapanda yeye. Akasimama kwenye fimbo, ameinua kidevu. Nilitamani ardhi ipasuke. Sidhani kama yupo mtu aliye hai aliyewahi kumwambia Shangazi hafiki. Leo yupo. Ni mimi.

Waliofika walikuwa wawili. Twiga, bila shaka. Na mchumba wangu, ambaye ananizidi kichwa kizima, na siku zote nimeipenda hali hiyo mpaka leo.

Wakakaa siti ya mbele. Pamoja. Mama Fundi akaniashiria kutoka kibandani nirudi kwenye kitufe changu. Mchumba wangu akageuka kunitazama, akatabasamu kidogo, kisha akashika kile chuma cha kifuani. Nami nikabonyeza. Kwa kidole changu mwenyewe nilimfyatulia Twiga mchumba wangu angani.

Treni ikatoka. Ikapanda. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, na ndani ya treni nzima mlikuwa na watu wawili tu. Niliposhtuka ilikuwa tayari imeanza kuchoka. Nyepesi! Upepo wa mbele! Ikakaribia kilele, ikasimama. Nikaona kiatu kimoja cha mchumba wangu kinaning'inia angani. Umati ukazuia pumzi. Mimi nilijua ni kawaida, nilielezwa ni kawaida, wala haikunisaidia. Nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote. Sikumbuki kuogopa namna ile tangu nizaliwe, wala sikukumbuka pipa.

Ikarudi kinyumenyume. Breki zikaidaka. Nikakimbia hadi kwenye siti, nikamshika mkono, nikamwambia ashuke, ashuke tu, twende nyumbani.

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Akaomba wafyatuliwe tena.

Mara ya pili walivuka. Waliposhuka, Twiga alikuwa amempa koti lake. Shangazi alikuwa ameshaondoka.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Mchumba wangu kaja. Hakukaa.

Kasema Shangazi alimuuliza jana aliyekuwa kibandani ni nani, na yeye akamjibu ni Mama Fundi, na mchumba wake ndiye yule mwenye fimbo. Kasema angenisaidia kama ningemwomba, ila sikumwomba, uongo wangu nilimficha na yeye. Tena kwa jambo gani? Treni haiondoki bila kidole changu. Kwa nini sikusema hivyo tu, nikaionea haya kazi yangu mwenyewe?



Kisha akaniuliza kuhusu utepe. Nikasema ni joto limeupandisha. Akasema alishapimwa kwa fimbo ile mwaka jana kwenye pembea kubwa. Ndipo tulipojuana, au nimesahau? Utepe ulimfika kwenye mbavu. Jana ulikuwa mbele ya macho yake.

Kasema hataki mwanamume mrefu. Twiga mrefu, na njia nzima ya mlima alikuwa anamwita mama yake. Anataka mtu atakayekaa kando yake akiogopa, na aseme anaogopa. Jumamosi ijayo, siti ya mbele. Shangazi atakuja pia. Nisipopanda, yameisha.

Akarudisha kiti kile cha balbu mahali pake ukutani, akaenda zake.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Mama Fundi kaipima fimbo kwa futi yake. Kaniuliza. Nikamwambia utepe umepanda wenyewe kwa joto. Akasema amefanya kazi na utepe maisha yake yote, na utepe ukilegea hushuka, haupandi.

Kwa Mkurugenzi niliingia nikiwa nimeaga wenzangu. Nikamkuta ameshika gazeti, anacheka. Picha kubwa, mgeni rasmi chini ya utepe. Gazeti linasifu bustani isiyomwogopa mtu. Foleni ya leo imefika barabarani. Mgeni rasmi mwenyewe kapiga simu kusema amefurahi kuonekana ni mtu wa sheria. Sikufukuzwa! Utepe umerudishwa chini na kupigiliwa misumari. Mama Fundi alipigilia mwenyewe, ananitazama kila pigo.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Nimepanda.

 Mguu wa kulia ulikubali kuingia kwenye siti, wa kushoto ukagoma, ikabidi niubebe kwa mikono. Chuma kikashuka kifuani. Nikamwambia mchumba wangu, kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba naogopa. Naogopa kufa. Akanishika mkono, akasema na yeye anaogopa, ndiyo raha yenyewe.

Tukafyatuliwa. Sina la kuandika kuhusu njiani. Nililia. Nilimwita mama, bibi, na mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Kule juu, pale treni inapochoka, nilifumbua jicho moja nikaona mji mzima, na yeye anacheka kando yangu nywele zimesimama. Kisha tukavuka.

Shangazi alikuwa ananingoja chini. Kanitazama nilivyolowa jasho na machozi. Kasema sasa ameona mwanamume asiyeficha kitu, na tukae kesho tupange siku ya harusi. Mchumba wangu akanikumbatia mpaka nikainuka kutoka ardhini. Nilikuwa nimeshapata kila kitu. Ningenyamaza tu!

Shangazi akauliza, kwa kupitisha muda, ile minara inayosimikwa kule nyuma ni ya nini. Nikamjibu ni Manati ya pili, ndefu mara mbili ya hii. Akasema, lo, atakayeijaribu huyo ana moyo.

Nikasikia sauti inamwambia kwamba nimeshateuliwa. Sauti yenyewe ilikuwa yangu. Shangazi akapiga makofi. Kasema siku hiyo ataleta ukoo mzima.

Lakini sina wasiwasi. Nimeuliza kwa Mama Fundi, kwa ujanja, bila yeye kushuku. Ile ya pili siti zake ni za chini sana, kwa hiyo itakuwa na utepe wa juu pia. Mtu akizidi kimo, hapandi.

Kesho, kabla ya kwenda kwa Shangazi, nampitia fundi viatu. Nataka kujua soli inaweza kuwa nene kiasi gani.