Miaka Ishirini ya "Chuma Kinalia"

Jumatatu, 6 Mei

Kidole gumba cha mguu kimevimba kama viazi viwili. Nililipiga teke kopo la rangi dukani kwangu. Nilidhani ni tupu. Halikuwa tupu.

Zahanati, basi. Foleni, harufu ya dawa, watoto wanalia. Muuguzi akaniingiza chumba cha vidonda. Simu yake ilikuwa juu ya trei, inaimba. Grenda inakwaruza chuma, nyundo inapiga reli, gitaa linanguruma, na mwanamume anampigia Mungu mayowe kama jirani aliyefungiwa nje.

Mwanamume huyo ni mimi!

"Chuma Kinalia"! Albamu yangu! Muziki wa metali ya kiwandani, ya Kikristo, nyeusi tii, tuliyorekodi miaka ishirini iliyopita katika karakana ya shemeji yangu. Nilidhani imekufa. Muuguzi akasema haijafa hata kidogo, watu wanarushiana kwenye simu mpaka leo, kila wodi inayo. Nikamwambia mimi ndiye mwimbaji. Akaniomba ninyooshe mguu.

Nikamuuliza kama anaipenda picha ya jalada, mimi nimesimama ndani ya moshi, mikono nimekunja. Akasema hajawahi kuliona jalada. Wanapata nyimbo tu.

Maskini. Anaipenda hivi bila picha! Je, angeiona?

Nimeamua. Onyesho kubwa la kumbukumbu. Jumamosi hii.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda karakana kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Yeye ndiye aliyepiga mashine kwenye albamu. Maneno pia aliyaandika yeye, lakini nani anakumbuka maneno?

Amekonda. Tangu afiwe na mkewe mwaka jana, anachomelea madirisha asubuhi hadi jioni, haongei, na kanisani hakanyagi. Mke wangu anasema tumwache apumue. Mimi naona anahitaji jukwaa.

Nikamweleza mpango wote. Yeye nyuma na mashine, mimi mbele na moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashusha barakoa ya kuchomelea usoni na kuendelea na kazi. Nilichukulia kwamba jibu ni hapana.

Sawa. Nitapiga mwenyewe. Ila vyombo ni vyake. Nikamwambia naomba grenda na kile kipande cha reli, dada yake ana geti limekwama.

Hatuna geti. Na shemeji anajua, madirisha na milango yetu kaichomelea yeye. Akanitazama kupitia kile kioo cheusi. Kisha akanibebea reli mwenyewe mpaka kwenye toroli.

Mjinga kweli, shemeji yangu. Nimemwingiza mjini mchana kweupe.

Jumatano, 8 Mei

Ukumbi wa kanisa. Tatizo ni mwalimu wa kwaya, anautaka Jumamosi kwa mazoezi yake. Huyu bwana aliwahi kusema mbele ya watu kwamba albamu yetu ni sauti ya gari bovu linalotubu. Sijamsamehe. Nimemwombea, lakini sijamsamehe.

Nikamwahi mchungaji. Nikamwambia ni alasiri ya sifa kwa ala za chuma. Akafurahi mno. Akasema amekuwa akiwaombea vijana wapate tarumbeta. Sikusema ni tarumbeta. Sikusema si tarumbeta. Nilitabasamu tu kama mtu wa Mungu.

Ukumbi ni wangu! Mwalimu wa kwaya alipita amenuna, akanitakia baraka kwa meno yaliyofungwa.

Mazoezi nyumbani, jikoni. Cheche za grenda zikarukia pazia. Pazia la dirisha kubwa, lile alilolishona mama mkwe. Nililizima kwa maji ya kuoshea vyombo. Mke wangu alirudi, akatazama dirisha, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kama kaka yake anajua kwamba grenda yake iko jikoni. Nikasema shemeji na mimi tunaelewana bila maneno.

Hakula na mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Bango tayari. Uso wangu umejaza karatasi nzima. Jina la albamu limebaki pembeni, chini ya kidevu.

Sasa maneno. Niliyasoma upya dukani, kati ya mteja na mteja. Jamani, ni mazito! Kiitikio kinasema: "Nimekuita, Bwana, giza likaitika. Nitakuita tena." Watu walipe usafiri waje kusikia hivyo? Nimekirekebisha: "Nimekuita, Bwana, ukaitika haraka. Nashukuru sana." Hata kinachezeka.

Nikampelekea muuguzi, kwa vile ana kundi lake la wapenzi wa albamu. Alikuwa anatoka zamu, macho mekundu. Akasoma. Akanirudishia karatasi kama anavyorudisha kipimo kibaya.

Akasema, "Kaka, hapa umetoa moyo ukaacha mbavu."

Nikamuuliza kosa liko wapi. Akaeleza kwamba leo kijana mmoja amewafia mikononi, na siku kama hizi nyimbo za furaha zinamwambia anyamaze. "Hii yenu inaniacha nilie. Halafu inasema nitakuita tena. Hiyo tena ndiyo inayonirudisha kazini kesho. Huyo aliyeandika alikuwa hajaacha kuita."

Nimetafakari sana. Nadhani amechoka tu. Maneno mapya yanabaki.

Ijumaa, 10 Mei

Jaribio la moshi. Kwenye jalada tulichoma maranda mabichi ndani ya kopo la rangi. Nimefanya hivyo hivyo nyuma ya duka. Moshi wa ajabu! Mzito, mweupe. Mwenye duka jirani alikuja mbio na ndoo.

Mke wangu ameniuliza kama nimemwalika kaka yake. Nikamwambia sitaki kumsumbua mfiwa. Akasema hayo ndiyo maneno ya kwanza ya busara aliyosikia wiki hii. Sikumwambia kwamba kwa kweli naogopa ataidai grenda.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika kwa shida. Sauti imekwisha kabisa. Nanong'ona hata nikiandika.

Nilitarajia vijana wenye nywele za ajabu. Wakaja watu wazima! Wauguzi na sare zao, mlinzi wa benki, dereva wa teksi, mwalimu wa shule ya msingi, mama mmoja mwenye mvi na fimbo aliyekaa mstari wa mbele. Ukumbi ukajaa. Mchungaji akakaa pembeni, anasubiri tarumbeta. Mwalimu wa kwaya akasimama mlangoni, mikono nyuma, anasubiri nianguke.

Nikaanza. Mkono mmoja kipaza sauti, mkono mmoja nyundo. Nikaimba kwamba Bwana ameitika haraka na nashukuru sana. Walinitazama kwa adabu, kama watu wanaosubiri mganga wa meno. Mama mwenye mvi akamuuliza jirani yake, kwa sauti, kama huyu ndiye wa kufungua tu, na mwimbaji mwenyewe atakuja saa ngapi.

Nikaona dawa ni moshi. Nikafunua kopo la maranda yanayofuka.

Nilikuwa nimeongeza maranda. Mengi. Ubeti wa pili sikuumaliza. Nilikohoa mpaka nikaona nyota, nikatoka kwa magoti kupitia mlango wa nyuma. Na nani alinivuta kwa kola mpaka kwenye hewa safi? Mwalimu wa kwaya! Akanimwagia maji usoni. Mengi kuliko yaliyohitajika.

Ndipo nikasikia reli.

Pigo moja. Kimya. Pigo la pili. Nikachungulia dirishani. Moshi ulikuwa unatoka kwa milango iliyofunguliwa, na katikati yake shemeji amesimama na ovaroli, nyundo mkononi. Kumbe alikuwa amekaa nyuma tangu mwanzo, karibu na dada yake! Nilidhani amekuja kuchukua vyombo vyake. Labda ndivyo alivyodhani na yeye.

Akapiga. Hakuimba. Basi wakaimba wao, ukumbi mzima, bila karatasi, maneno yote ya zamani. "Nimekuita, Bwana, giza likaitika." Mlinzi wa benki alipiga mayowe mishipa imemtoka shingoni. Mama mwenye mvi aligonga sakafu kwa fimbo. Na walipofika kwenye "Nitakuita tena", shemeji akaangusha nyundo, akafunika uso kwa viganja vyake vyeusi, akalia. Mke wangu alipanda jukwaani akamshika. Wale watu hawakunyamaza. Walimwimbia huku analia, polepole, tena na tena, muuguzi ameshika nyundo sasa, anapiga kama anasikiliza mapigo ya moyo.

Mwalimu wa kwaya, pembeni yangu, alikuwa anaimba sauti ya nne. Nilimsikia. Nilipomtazama, akakana.

Mchungaji alisimama mwisho. Akasema amezika watu wengi na kila mara amewaambia wafiwa wasilie. Akasema anadhani alikuwa anaharakisha. Kisha akamuuliza shemeji kama angependa wakae pamoja kidogo, si lazima kuongea. Shemeji akasema sawa. Neno moja, lakini nililisikia hadi nje.

Nami macho yalinitoka machozi. Moshi ule ulikuwa mkali.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji amekuja ibadani! Amekaa benchi la mwisho, kati ya mke wangu na muuguzi. Watu walimshika mkono mmoja mmoja. Alipotabasamu kidogo, mke wangu alitazama dari kwa muda mrefu.

Baada ya ibada nilikaa peke yangu nikachambua mafanikio. Ni dhahiri. Kwanza, moshi. Ule ndio uliowafungua. Pili, mimi kutoka jukwaani wakati mwafaka, nikawaacha na kiu. Hilo ni jambo la kipaji, halifundishwi.

Kasoro ni moja tu: watu wengi mno walilia. Kwa hiyo nimeanza albamu ya pili. "Chuma Kinacheka". Furaha mwanzo mwisho! Tarumbeta kwa ajili ya mchungaji, makofi, ubeti mmoja kuhusu kidole changu. Shemeji nimempangia nafasi nzuri, atashika nyaya.

Nimemnong'oneza mke wangu habari hizi wakati anapakua chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudisha kila kitu sufuriani, akafunika, akajitwisha, na kushika njia kwenda kwa kaka yake.

Ameshindwa kusubiri. Anataka awe wa kwanza kumpasha habari.